Mkonge wa Mpakani na Magoti ya Bibi

Aliyepita Kagongwa wakati wa mavuno ajua kulivyo. Mashine za kukoboa mpunga zanguruma tangu alfajiri, pumba zarushwa na upepo, malori yaendayo Kahama na mbele zaidi hata Rwanda na Burundi yapita barabarani bila kukoma. Na katikati ya magunia ya mchele, pale penye watu wengi, hakosi kuwako mtu mmoja mwenye kipaza sauti na chupa zake juu ya meza. "Mayu, njoo! Baba, njoo! Magoti yanauma? Kiuno? Usingizi hupati? Nguvu za ujana zimekwisha? Hii ni miti mitupu, haina madhara!"

Mimi sina ugomvi na miti. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chatufundisha kumheshimu tabibu na kutodharau dawa zitokazo ardhini. Tena hapa Shinyanga twajua thamani ya miti kuliko wengi, kwa maana tulipata kuikosa. Ilibidi ufanyike mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliodumu tangu mwaka 1986 hata 2004, ili ngitili za wazee wetu zifufuke, na pamoja nazo mizizi na magome ambayo waganga walikuwa wakiyatafuta mbali. Ugomvi wangu ni na yale maneno mawili ya mwisho: haina madhara.

Tumchukue bibi mmoja kwa mfano. Ana miaka 70, magoti yamekaza, asubuhi ashika ukuta ndipo asimame. Mjukuu wake amletea chupa kutoka sokoni, au pakiti ya unga, au vidonge visivyo na jina vilivyofungwa katika kipande cha gazeti. Siku ya tatu bibi anatembea. Siku ya saba anakwenda kuchota maji mwenyewe, na jirani wanashangaa. Anakula vizuri, uso wanenepa, nyumbani wote wamshukuru Mungu. Miezi miwili baadaye uso umekuwa wa mviringo kama mwezi mpevu, tumbo limekua lakini mikono na miguu imekonda, na ngozi yachubuka kwa kugusa tu. Kisha chupa yaisha na fedha hakuna. Siku mbili tatu zapita, bibi hana nguvu, atapika, kizunguzungu chamwangusha, mwili wapoa. Watu wasema ni malaria. Wengine, na hapa ndipo moyo wangu unaposhtuka, wasema kuna mtu amemroga, na waanza kumtazama kizee mwingine wa jirani mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Twajua sote jinsi maneno ya namna hiyo yalivyokwisha kumwaga damu ya vikongwe katika Usukuma.

Hakuna aliyemroga. Lililompata bibi lina maelezo yake, nami nitajaribu kuyatoa polepole.

TEZI MBILI JUU YA FIGO

Kila aliyechinja mbuzi amewahi kuziona figo zikiwa ndani ya mafuta yake. Akichunguza vizuri, karibu na kila figo ataona kinyama kidogo ambacho kwa kawaida hutupwa au hupikwa bila kuulizwa ni nini. Mwanadamu naye anavyo viwili, kimoja juu ya kila figo, na uzito wa kimoja ni gramu 4 au 5 tu. Hizo ni tezi. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani vitu ambavyo damu huvichukua kama barua na kuvipeleka mwili mzima.

Barua moja kubwa yaitwa kortisoli. Watu huiita homoni ya mashaka, kwa sababu mtu akiogopa, akiugua, akifiwa au akikaa na njaa, tezi huimwaga kwa wingi. Lakini kila siku, hata pasipo mashaka, mwili wahitaji kiasi chake. Ndiyo inayotunza sukari katika damu wakati hujala, inayosaidia kuzuia shinikizo la damu lisianguke, na inayotuliza uvimbe na maumivu yasizidi. Hupanda asubuhi karibu na saa ile kengele ya Malaika wa Bwana inapolia, ikuamshe uende shambani, kisha hushuka kidogo kidogo mpaka usiku wa manane, saa ambayo huwa chini kabisa. Kiasi cha siku nzima ni kama miligramu 10 hata 20. Punje moja ya mchele ina uzito wa namna hiyo, na bila hiyo punje mtu hufa.

Katika uzee mambo hubadilika, wala si kwa namna ambayo wengi hudhani. Homoni nyingine za tezi hizo hizo hupungua sana. Moja iitwayo DHEA, ambayo hujaa katika miaka ya 20, mtu afikapo miaka 70 au 80 huwa imebaki sehemu ya tano au chini ya hapo. Kortisoli haipungui hivyo. Tena kwa wazee wengi kile kiasi cha usiku, ambacho kwa kijana huwa chini kabisa, hubaki juu kidogo. Nayo kortisoli ikizidi kwa muda mrefu, hula mifupa, hulegeza misuli, hupandisha sukari, huharibu usingizi na kudhoofisha kumbukumbu. Hata ndani ya ngozi kuna kimeng'enya kinachoamsha kortisoli iliyolala, nacho huongezeka kwa umri. Ndiyo sababu moja ya ngozi ya mzee kuwa nyembamba. Wataalamu wa nchi nyingi watafuta katika mimea kitu cha kukizuia kimeng'enya hicho, lakini sehemu kubwa ya kazi yao ingali katika vichupa vya maabara na katika panya.

Jambo moja limechunguzwa hapa kwetu Afrika Mashariki, tena si kwa panya bali kwa nyani. Tangu mwaka 1978 Mmarekani Robert Sapolsky alikuwa akienda Maasai Mara, nchini Kenya, akiwapiga nyani kwa vishale vya usingizi vilivyopulizwa kwa mrija, na kupima damu yao. Aliona kwamba nyani dume wa chini, anayesukumwa na kunyang'anywa kila siku, mara nyingi ana kortisoli nyingi hata akiwa amekaa tu. Lakini nyani mwenye wenzake wa kukaa nao na kuchambuana manyoya alikuwa na afadhali kuliko aliye peke yake. Nyani si mtu, najua. Ila nilipoyasoma hayo niliwakumbuka vikongwe wetu walalao peke yao nyuma ya boma, huku wakisikia wanavyosemwa.

TOKA NYONGO YA NG'OMBE MPAKA MKONGE

Sasa, dawa ile ya bibi ilitoka wapi? Hadithi yake ni ndefu, na sehemu yake imepita katika nchi yetu.

Katika miaka ya 1930 watu wawili, Edward Kendall huko Marekani na Tadeus Reichstein huko Uswisi, kila mmoja kwake, walikuwa wakichuja vitu kutoka katika tezi za ng'ombe waliochinjwa. Mwezi wa Septemba 1948, mganga Philip Hench alimdunga sindano ya kortisoni, ndugu wa kortisoli, mwanamke wa miaka 29 aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo. Baada ya siku chache mwanamke huyo aliweza kutembea. Dunia ikashangaa, na mwaka 1950 wote watatu wakapewa tuzo ya Nobel. Lakini kortisoni ile ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na ng'ombe wengi walihitajika kwa mgonjwa mmoja. Hata Msukuma mwenye zizi kubwa asingeweza kumtibu mama yake kwa njia hiyo!

Basi wakageukia mimea. Wengine walikuja Afrika kutafuta mbegu za mmea ule ambao jamaa zake hutoa sumu ya mishale. Wengine walifaulu kwa viazi vikuu vya porini vya Meksiko. Na Waingereza wakautazama mkonge.

Mkonge si mmea wa asili yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai Tanganyika ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba ya Tanga na Morogoro, hata mwaka 1964 nchi ikatoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi. Huku kwetu Usukuma mkonge ulipandwa mipakani, kuzuia ng'ombe wasiingie shambani, na katika miaka ya 1950 watu wengi walikwangua nyuzi zake na kuuza. Lakini katika jani la mkonge nyuzi ni kama sehemu 4 tu katika 100. Zote zilizobaki, maji na nyama ya jani, zilitupwa zikaoza na kunuka.

Mwaka 1951 wataalamu watatu wa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, walitangaza kwamba katika takataka hizo mna kitu kiitwacho hekojenini, ambacho umbo lake lakaribia sana umbo la kortisoni. Kampuni ya Glaxo ikaanza kutumia mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea kortisoni, na baadaye dawa zenye nguvu zaidi, kama vile betamethasoni. Hivyo mkulima wa Tanganyika aliyelalamikia harufu ya takataka za mkonge hakujua kwamba mapipa ya takataka hizo hizo yalivuka bahari kwenda kuwasimamisha vilema wa Ulaya.

Hapa nasema kwa sauti kubwa ili asiwepo wa kunisikia vibaya: jani la mkonge si dawa ya magoti. Hekojenini yenyewe haitulizi kitu mpaka igeuzwe kiwandani hatua baada ya hatua. Maji ya mkonge huwasha ngozi na kuchoma koo. Asitokee mtu wa kuyachemsha na kumpa mama yake kwa sababu ameyasoma katika gazeti.

Dawa za ukoo huo leo zapatikana katika kila hospitali. Mashuhuri ni prednisoloni na deksamethasoni. Huokoa wenye pumu, wenye mzio mkali na wengine wengi. Mwezi wa Juni 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine. Ni dawa nzuri, tena ya bei ndogo. Na kwa kuwa bei yake ni ndogo, wajanja waipenda.

MASHINE ILIYOZIMWA

Mwaka 2022 serikali ya Marekani iliwaonya watu wake mara kadhaa juu ya vidonge vya viungo vilivyoitwa Artri King. Vilisifiwa kuwa ni vya mitishamba. Vilipopimwa vikakutwa na deksamethasoni pamoja na dawa nyingine ya maumivu, na hakuna hata moja iliyoandikwa juu ya chupa. Taarifa za madhara zilikuja, hata za kifo. Ikiwa ndivyo mambo yalivyo Marekani kwenye maabara nyingi, ni nani wa kuapa kwamba chupa isiyo na jina hapa sokoni haina kitu? Sisemi kila mwuza dawa za miti ni mwongo. Nasema kwamba dawa ya miti inayoondoa maumivu ya miaka mingi kwa siku tatu yapasa kuulizwa maswali.

Miligramu 5 za prednisoloni, au robo tatu tu ya miligramu moja ya deksamethasoni, zina nguvu sawa na kortisoli yote ambayo tezi zako hutengeneza kwa siku nzima. Sasa fikirini mwenye mashine ya kukoboa pale Kagongwa. Kila asubuhi lori lamletea mchele uliokwisha kobolewa, mwingi kuliko awezavyo kuuza. Atawasha mashine ya nini? Ataizima. Mwezi wapita, miezi miwili, mkanda wakauka, vyuma vyashika kutu, vijana wa kazi wamekwenda machimboni. Ndipo siku moja lori halikuja. Mwenye mashine avuta mtambo, nao hauwaki.

Hivyo ndivyo ubongo ufanyavyo. Ukiona damu imejaa dawa iliyo mfano wa kortisoli, huacha kuzituma zile tezi mbili. Tezi hulala na kusinyaa. Mtu aliyemeza kwa siku chache hana hofu kubwa, lakini aliyemeza kwa majuma matatu au manne na zaidi, akiacha ghafula, hubaki hana kortisoli ya nje wala ya ndani. Akipata homa au akivunjika mfupa siku hizo, mwili hauna cha kujikinga nacho. Hicho ndicho kilichomwangusha bibi. Tezi huamka tena, ila polepole, kwa wengine baada ya miezi mingi, na kwa hiyo waganga hupunguza dawa kidogo kidogo.

Mzee huumia kuliko kijana. Mifupa yake tayari ni myepesi, dawa yaipunguza tena. Ajikwaa mlangoni na nyonga yavunjika. Sukari yapanda bila kujulikana. Na kwa sisi tukaao karibu na machimbo kuna jambo la ziada. Wengi mapafu yao yamekula vumbi la mawe, na kifua kikuu kimo katika nyumba nyingi kikiwa kimelala. Dawa hizi huwafunga mikono askari wa mwili, nacho kifua kikuu huamka.

Akina mama wasidhani habari hii ni ya vikongwe peke yao. Krimu nyingi za kujichubua, ule mkorogo wa mabinti, zimekutwa na dawa za ukoo huo huo. Ngozi hung'aa mwezi wa kwanza, kisha yawa nyembamba na kuonyesha mishipa, na aliyetaka kuonekana msichana apata ngozi ya bibi yake. Akijipaka mwili mzima miaka mingi, dawa hupenya hata ndani, na zile tezi mbili nazo zaweza kulala.

Mtaniuliza: je, hakuna mmea unaopunguza kortisoli ya uzee kweli, bila udanganyifu? Upo mmoja unaochunguzwa sana, ashwagandha wa Bara Hindi, ambao huota pia porini katika nchi kavu za Afrika Mashariki. Mwaka 2012 wataalamu wa huko waliwapa watu wenye mashaka mengi dondoo la mizizi yake kwa siku 60. Kortisoli yao ilipungua kwa zaidi ya robo, na wakasema wametulia. Ni habari njema, lakini watu waliochunguzwa walikuwa 64 tu, wala hawakuwa vikongwe wa miaka 80. Tangu hapo kumetokea wagonjwa wa ini waliokuwa wakiutumia, na mwaka 2023 Denmark ikakataza usiuzwe. Ule mzizi mtamu ambao Waarabu huuita irk-sus nao ni wa asili kabisa. Mwaka 1946 mganga mmoja wa Uholanzi, Revers, aliutumia kwa vidonda vya tumbo, akaona wagonjwa wavimba miguu. Baadaye ikajulikana kwamba huzuia kimeng'enya cha figo kinachozima kortisoli, na hapo shinikizo la damu hupanda. Mzee mwenye presha akiutafuna kila siku, ajitafutia kiharusi kwa kitu kitamu.

Basi, kama kuna mzee nyumbani ambaye uso umejaa na mikono imekonda, mwulizeni kwa upole anatumia nini. Msimgombeze, kwa maana ataficha. Maumivu yake ni ya kweli na alitafuta nafuu kama mtu yeyote. Wala msimnyang'anye chupa siku hiyo na kuitupa chooni, kwani huko kuacha ghafula ndiko kunakoua. Mpelekeni zahanati au hospitali mapema, asubiriye huko akiwa bado anaitumia, mganga ndiye apange namna ya kuipunguza. Akiwa ametapika, amelegea, hasemi vizuri, hiyo si safari ya kungoja kesho. Mwambieni mganga waziwazi kwamba alikuwa akitumia dawa ya viungo na ameiacha, kwa sababu asipoambiwa ataanza kutafuta malaria. Na aliyepewa prednisoloni na hospitali kwa ugonjwa wake asiogope maneno yangu akaacha. Aendelee kama alivyoagizwa, na kabla ya kupasuliwa au kung'olewa jino aseme kwamba anaitumia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya wazee ya kupata matibabu, na serikali iliagiza wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Utekelezaji si sawa kila mahali, twajua, na dirisha la wazee mara nyingine huwa limefungwa. Ulizeni kwa mwenyekiti wa kijiji juu ya kitambulisho cha mzee kabla ugonjwa haujafika, si usiku wa kuugua.

Na chupa ile mwende nayo. Hata ikiwa imekwisha, hata ikiwa haina jina, hata kama ni kipande cha gazeti chenye unga kidogo uliobaki katika mikunjo, kifungeni vizuri mkampe mganga mkononi.